Sapu ya Mwaka wa Mwisho: Inachukua Nini, Inaacha Nini

Mhadhara kwa wazazi na wanafunzi, Ng'ambo, Unguja

Wazazi wangu, walimu wenzangu, na nyinyi wanangu mliosimama kule nyuma karibu na milango, karibuni. Nafasi zipo huku mbele, na maneno ya leo ni yenu kuliko ya mtu mwengine yeyote.

Siku moja baada ya sala ya Alasiri kijana mmoja alinifuata barazani kwangu, Kikwajuni. Alinipa shikamoo, akakaa ukingoni kabisa mwa baraza kama mtu asiyekusudia kukaa, akanipa simu yake. Kioo kilikuwa na ufa wa mshazari kutoka pembe hadi pembe, na matokeo ya muhula wa mwisho yalijipanga chini ya ule ufa. Kozi tano zilikuwa na herufi nzuri. Ya sita ilikuwa na D, na pembeni yake neno ambalo kila mwanachuo analijua kwa jina la sapu, yaani mtihani wa kurudia kozi uliyofeli.

Matokeo yalikuwa yametoka wiki tatu nyuma. Kwa wiki tatu mama yake amekuwa akimuuliza asubuhi na jioni, naye amekuwa akimjibu kuwa bado, chuo kimechelewa. Wakati huo mama keshanunua kitambaa, keshampelekea fundi, keshawaambia ndugu zake Pemba wajiandae na mahafali. Aliyemtia kijana hofu zaidi ni binamu yake anayesoma Uingereza. Alimpigia kumuomba ushauri, na binamu akamwambia kwamba mwaka wa mwisho ndio kila kitu, ukifeli kozi pale digrii yako imekwenda na maji.

Nimesimama mbele yenu kwa sababu ya jibu lile. Binamu hakusema uongo. Alisema ukweli wa chuo chake, na mwenzake akaupokea kama ukweli wa chuo chetu cha Tunguu.

Tuanze na hesabu, kwa sababu hofu nyingi za matokeo hupungua makali mtu akishika kalamu. Katika mfumo uliozoeleka katika vyuo vikuu vyetu vya Tanzania, Bara na Visiwani, kila herufi ina pointi zake: A ni 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2, D ni 1, na iliyo chini ya hapo haina kitu. Shahada ya kwanza ya kawaida, ngazi ya chini inayopita ni C. Pointi za kila kozi huzidishwa kwa krediti za kozi ile, zikajumlishwa zote, kisha zikagawanywa kwa jumla ya krediti. Unachopata ndicho GPA. Ikiwa 4.4 au zaidi umepata Daraja la Kwanza. Kuanzia 3.5 hadi 4.3 ni Daraja la Pili la Juu, lile ambalo vijana wanaliita apa. Kuanzia 2.7 hadi 3.4 ni Daraja la Pili la Chini. Kuanzia 2.0 hadi 2.6 ni Pasi.

Hapa kuna jambo moja ambalo wanafunzi wa mwaka wa tatu wamenishangaza nalo kwa kutolijua. Katika hesabu hii miaka yote ni sawa. Krediti 10 ulizosoma mwaka wa kwanza, ukiwa mgeni na huijui hata njia ya maktaba, zina uzito uleule wa krediti 10 za mwaka wa mwisho. Kinachoipa kozi uzito ni krediti zake. Utafiti wa mwisho wa krediti 12 unavuta mara moja na nusu ya kozi ya krediti 8, na ndiyo maana anayeuchezea utafiti anajiumiza zaidi kuliko anayeteleza kwenye kozi ndogo.

Nilichukua karatasi nikampigia kijana hesabu yake pale pale. Shahada ya miaka 3 ni krediti 360. Ili hesabu iwe nyepesi, tuchukulie kozi 36 za krediti 10 kila moja. Miaka miwili ya mwanzo alikuwa na kozi 24 na pointi 86. Mwaka wa tatu, ukiiacha ile iliyomwangusha, kozi 11 zilimpa pointi 39. Jumla ni pointi 125 kwa kozi 35. Sasa tuitie ile ya 36. Kama angeifaulu kwa B mara ya kwanza, angekuwa na 128, ukigawa kwa 36 unapata 3.55. Akiifaulu kwenye sapu, chuo kitampa C hata akiandika mtihani wa kupigiwa mfano, kwa sababu sapu haipandi juu ya C. Atakuwa na 127, nayo ukiigawa kwa 36 ni 3.52. Cheti kitasoma 3.5 huku na 3.5 huku. Apa yake iko pale pale.

Aliitazama ile karatasi kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza: "Maalim, ina maana wiki tatu hizi nimekufa bure?"

Sikumjibu haraka, kwa sababu jibu halikuwa moja. Siku zile zile nilikuwa na binti mmoja wa Jang'ombe, mwanafunzi mwenye bidii kuliko huyu. Yeye kozi zake 35 zilikuwa na pointi 123. Kwa B angefika 126, na 126 kwa 36 ni 3.5 kamili. Kwa C ya sapu alipata 125, yaani 3.47. Desturi kwetu ni kukata desimali, haikadiriwi kwenda juu, kwa hiyo 3.47 ikaandikwa 3.4. Pointi moja, kozi moja kati ya 36, ikamtoa Daraja la Pili la Juu ikamshusha la Chini. Kosa la vijana hawa wawili lilikuwa moja. Walitofautiana kwa mahali walipokuwa wamesimama kabla ya kuteleza. Aliyesimama katikati ya chumba akijikwaa huanguka chumbani. Aliyesimama kwenye kizingiti hujikuta nje.

Kwa hiyo mtu akiniuliza sapu ya mwaka wa mwisho inashusha daraja kwa kiasi gani, humrudishia swali: wewe umesimama wapi? Kozi moja ya krediti 10 ikishuka kutoka B+ hadi C inapunguza GPA kwa takriban 0.06. Ikishuka kutoka A hadi C, inapunguza 0.08. Ukiwa na 3.7 hutoki kwenye daraja lako. Ukiwa na 3.51 hesabu zako zinahitaji uangalizi wa mapema, na mapema maana yake ni kabla ya kuingia mwaka wa tatu.

Sasa turudi kwa yule binamu. Kule Uingereza, katika vyuo vingi, mwaka wa kwanza unatakiwa uufaulu tu, alama zake haziingii kwenye daraja la shahada. Mwaka wa pili unaingia kidogo na wa mwisho unaingia sana. Kozi zao pia ni chache na nzito, nyingi ni za krediti 20 katika mwaka wa krediti 120, yaani kila moja ni sehemu ya sita ya mwaka. Chukua chuo ambacho mwaka wa mwisho unabeba theluthi mbili za hesabu. Mwanafunzi mwenye wastani wa 61, ambaye kwenye kozi moja angepata 62, akifeli na kurudia hupewa 40 tu. Ameshapoteza 22 kwenye sehemu ya sita ya mwaka, nayo baada ya theluthi mbili ni kama 2.4 ya wastani wote. Kutoka 61 anashuka hadi 58.6, na kwao mpaka wa Daraja la Pili la Juu ni 60. Pigo hilo ni kubwa, na kijana wa kule ana haki ya kuliogopa. Lakini kule pia kuna vyuo ambavyo bodi ya watahini inaweza kuisamehe kozi iliyofeliwa kidogo tu ikiwa nyengine zote ni nzuri, na msamaha huo usiutarajie hapa. Kila pwani na kanuni zake. Ukienda Makerere, apa inaanzia 3.60. Ukienda Nairobi, utakuta daraja linapimwa kwa asilimia, 60 mpaka 69.

Mnaweza kuniuliza, kwa nini basi majina yanafanana, Daraja la Kwanza, la Pili la Juu, la Pili la Chini, ilhali hesabu zinatofautiana? Kwa sababu asili ni moja. Makerere ilifungamanishwa na Chuo Kikuu cha London mwaka 1949, ikawa inatoa shahada za London. Chuo cha Dar es Salaam kilipofunguliwa mwaka 1961 nacho kilianza chini ya London. Mwaka 1963 kikazaliwa Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki, na mwaka 1970 kikagawanyika, kila nchi ikabaki na chake. Majina ya madaraja yalibaki. Namna ya kuyahesabu kila mmoja aliibadilisha kwa wakati wake. Ndiyo maana neno moja linaweza kuvuka bahari likafika na maana nyengine.

Na sisi wa Ng'ambo neno kuvuka tunalijua. Zamani ilikuwepo hori ya maji kati ya Mji Mkongwe na huku, ikavukwa kwa daraja, na pale tukapaita Darajani. Maji yalikwishafukiwa, jina likabaki. Shahada nayo kwa miaka mingi ilikuwa jambo la kuvuka. Kijana aliyemaliza Skuli ya King George VI, ambayo leo ni Lumumba, akitaka chuo kikuu alipanda chombo: Makerere, baadaye Dar es Salaam, au mbali zaidi. Hapa Unguja hapakuwa na chuo kikuu hata kimoja mpaka mwaka 1998, vilipoanzishwa Chuo Kikuu cha Zanzibar pale Tunguu na chuo cha ualimu cha Chukwani, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Sumait. Sheria ya kuanzisha SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, ilipita mwaka 1999, na masomo yakaanza 2001. Kwa hiyo mzazi mwenye miaka 50 aliyekaa hapa mbele alikuwa mtu mzima kabla kisiwa hiki hakijatoa shahada yake ya kwanza. Nyumba nyingi za Kwahani, Mwembetanga na Magomeni, mtoto huyu ndiye wa kwanza kufika huko. Hamna kaka wala shangazi wa kumuuliza sapu ni nini. Anauliza simu, na simu inampeleka Uingereza.

Hayo ni ya daraja. Sasa nije kwenye jambo ambalo naliona zito kuliko daraja, nalo ni muda. Hapa ndipo mwaka wa mwisho unapotofautiana kweli na miaka mingine.

Ukifeli sapu mwaka wa kwanza, unaibeba. Unaingia nayo mwaka wa pili, unaifanya pamoja na nyengine, unachoka, lakini gari linakwenda. Ukifeli sapu mwaka wa tatu, huna mwaka wa nne wa kuibebea. Kozi ya muhula wa pili hufundishwa muhula wa pili tu, kwa hiyo unangoja mwaka mzima ili kozi moja izunguke irudi. Wenzako wanavaa majoho mwishoni mwa mwaka, wewe unabaki mjini huna chuo wala huna cheti. Tangazo la ajira linatoka, wanataka cheti au angalau transkripti kamili, nawe huna. Umri unakwenda. Nimewaona vijana wazuri waliopotelea ndani ya mwaka ule. Walianza kuuza laini za simu Darajani kwa ajili ya kungoja tu, wakaingia kwenye maisha, na ile kozi moja hawakuirudia tena. Miaka 3, krediti 350 zimefaulu, shahada hakuna. Wanangu, hilo linaniuma kuliko 3.4 ya binti wa Jang'ombe, kwa sababu yeye shahada anayo.

Kwa hiyo sapu ya mwaka wa mwisho isomewe kama mtihani mkubwa kuliko yote mliyofanya. Msiichukulie kama marudio. Mtihani wake hufanyika kabla ya mwaka mpya wa masomo kuanza, na matokeo yake yanatakiwa yapite kwenye bodi ya watahini, kisha seneti. Mpaka seneti ipitishe, mnachokiona kwenye simu ni cha muda. Aliyekaa na siri kwa wiki tatu amejinyima wiki tatu za kusoma, na huenda sapu yenyewe ina wiki tano tu za kujiandaa. Hilo ndilo lilikuwa jibu langu kwa yule kijana. Daraja lake lilikuwa salama tangu siku ya kwanza. Kilichokuwa kinavuja ni siku.

Kuna mlango mwengine ambao wengi wanaupita bila kuuona. Aliyeumwa siku ya mtihani, aliyefiwa, aliyelazwa hospitali ya Mnazi Mmoja, huyo hakufeli. Huyo anastahili mtihani maalumu, na mtihani maalumu huhesabiwa kama wa mara ya kwanza: ukipata A, ni A. Sharti lake ni barua na ushahidi, na vipelekwe afisini kwa wakati, kabla ya mtihani ikiwezekana. Lakini vijana wetu wana tabia ya kujikaza. Anaingia chumba cha mtihani na homa ya nyuzi 39, anaandika kurasa mbili, anatoka. Akishaketi na kuandika, kesi yake imekuwa ngumu. Mama, ukimuona mwanao ana homa siku ile, mzuie. Mpeleke hospitali, chukueni karatasi ya daktari, muipeleke chuoni siku hiyo hiyo. Kuna pia rufaa kwa anayeamini karatasi yake haikusahihishwa sawasawa, nayo ina siku zake maalumu, zikipita hairudi. Na vyuo vingine vinaruhusu kozi ya hiari iliyofeliwa ibadilishwe na nyengine, wakati ya lazima haina njia isipokuwa kuifaulu. Yote haya yameandikwa kwenye kitabu cha kanuni za mitihani ambacho mlipewa mwaka wa kwanza.

Daraja lina kazi gani baada ya hapo? Sitawadanganya kwamba halina. Anayetaka shahada ya uzamili huambiwa aanzie GPA ya 2.7. Anayetaka kubaki chuoni awe mkufunzi msaidizi hutakiwa awe na 3.8, na hapo sapu moja inaweza kumfungia mlango mtu ambaye angekuwa mwalimu mzuri sana. Ufadhili wa Jumuiya ya Madola kwa kawaida unaanzia Daraja la Pili la Juu. Nje ya hapo, waajiri wengi niliowahi kuzungumza nao wanauliza kwanza kama shahada ipo, halafu wanauliza unaweza kufanya nini.

Nimekaa kwenye bodi za watahini kwa miaka mingi, na nina maneno kwa wenzangu pia. Ukomo wa C kwenye sapu naukubali, kwa sababu aliyesoma akafaulu mara ya kwanza ana haki yake. Mpaka lazima uwepo mahali, na popote utakapouweka atakuwepo mtu aliyekosa kwa pointi moja. Nisichokikubali ni ukimya. Chuo kimoja nilichofanyia kazi, sikitaji, kilitoa matokeo ya muhula wa pili siku 12 kabla ya sapu. Siku 12! Mwanafunzi wa shamba alipata taarifa, akatafuta nauli, akatafuta chumba, akakaa mtihanini akiwa na siku 6 za kusoma kozi ya wiki 15. Tukamwandikia amefeli tena, tukasaini. Saini yangu ipo kwenye orodha ile, na mpaka leo haijanitoka moyoni.

Ninachokiomba ni karatasi moja. Kila mwanafunzi anayeingia mwaka wa mwisho apewe karatasi yenye pointi zake, krediti zake, na mstari unaomwonyesha yuko umbali gani na mpaka wa juu na wa chini. Hesabu hiyo kompyuta ya chuo inaifanya kwa dakika moja. Binti wa Jang'ombe angejua tangu Oktoba kwamba amesimama kizingitini, na kwamba ile kozi aliyoiacha nyuma kwa ajili ya utafiti ndiyo iliyoshika shahada yake.

Yule kijana nilikwenda naye kwao jioni ile ile. Mama yake alikuwa anachoma mikate ya ufuta, uso umewiva kwa moto. Kijana alianza kusema, akakwama, nikamsaidia neno moja, akamalizia mwenyewe. Mama hakupiga kelele. Aliugeuza mkate, akauliza: "Mtihani lini?" Akaambiwa tarehe. Akauliza tena: "Na fundi nimwambie aache nguo?" Nikamwambia asimwambie kitu. Akamtazama mwanawe: "Wiki tatu unanifanya mimi sijui. Kesho mikate utabeba wewe alfajiri, halafu uende ukasome." Alifaulu ile sapu. Alivaa joho pamoja na wenzake.

Nimekuja na karatasi tupu na kikokotozi. Mwenye matokeo yake kwenye simu, hata akiwa hajamwambia mtu, anifuate pale mezani kando ya mlango. Nitakaa mpaka Magharibi, na tukishasali nitarudi.